Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayepuliza tromboni

Mpwa wangu,

Salamu kutoka Kisumu. Natumaini huko Mbale, Vihiga, mvua inawaachia nafasi ya mazoezi, na mama yako hajachoka kukusikia ukirudia noti zilezile kila jioni. Nakujibu hadharani kwa sababu maneno uliyonitumia kwenye simu, kwamba jazi ni "muziki wa watu wanaokula polepole hotelini", nimeyasikia kwa wengi wa rika lako. Jibu moja litawatosha nyote.

Kwanza tuelewane: leo sizungumzii Victoria Jazz wala Shirati Jazz. Hao ni wa benga, muziki wa gitaa wa huku kwetu, tumekua nao, hawahitaji wakili. Nazungumzia bendi kubwa za jazi zinazorekodi siku hizi, na waimbaji wanaosimama mbele yake. Ninachodai ni kwamba wewe, mpuliza tromboni ya pili katika bendi ya Jeshi la Wokovu, una sikio la muziki huu kuliko hao wa hotelini. Wao hufuata wimbo tu. Wewe unajua kinachoendelea katikati.

Hebu fikiria kazi yako ya Jumapili. Koneti, hizo tarumbeta fupi, zinabeba wimbo, besi zinashika chini, nanyi mnajaza pale katikati ambapo hakuna muumini atakayekuja kukupongeza baada ya ibada. Chombo chako hakina vitufe vya kukuokoa. Una mkono, mtelezo, lile bomba la kusukuma na kuvuta, wenye nafasi saba, na sikio lako. Mkono ukizidi kidogo tu, kanisa zima linahisi kuna kitu kimeharibika, ila halijui ni nani.

Bendi kubwa ya jazi kwa kawaida ina saksafoni tano, tarumbeta nne, tromboni nne, kisha piano, besi, ngoma, na mara nyingi gitaa. Tarumbeta ndizo zinazopiga kelele, saksafoni ndizo zinazobembeleza, lakini uzito wa bendi uko kwa hao wanne wa tromboni. Anza na Christian McBride, mpiga besi wa Philadelphia. Albamu zake tatu za kwanza za bendi kubwa, ya mwaka 2011, ya 2017 na ya 2020, zote zilishinda Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani. Hiyo ya 2020, "For Jimmy, Wes and Oliver", ina Joey DeFrancesco kwenye ogani, naye alifariki miaka miwili baadaye. Isikilize mara ya kwanza ufurahie. Mara ya pili achana na ogani, achana na tarumbeta, uwatafute wenzako. Utawasikia wakiingia kwa noti fupi chini ya mpiga solo, wanamsukuma, kisha wananyamaza kabla hujawazoea. Kunyamaza kwa wakati ni kazi ngumu, na naamini mwalimu wenu wa bendi amekwisha kukukemea juu ya hilo.

Ukishazoea hapo, njoo kwa Maria Schneider, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu huyu mama ananishangaza. Ni mzaliwa wa Windom, mji mdogo wa Minnesota, mtunzi na kiongozi wa okestra yake mwenyewe. Kuilipa bendi ya watu 18, studio, mafundi na chakula ni mzigo ambao kampuni nyingi za muziki huukimbia. Yeye akaamua kuwaendea wasikilizaji moja kwa moja kupitia tovuti ya ArtistShare: mashabiki wanachanga kabla ya albamu kurekodiwa, na wakati wa kuitengeneza wanaonyeshwa kazi inavyokwenda. Ni harambee, mpwa wangu, ila bila mgeni rasmi wa kuchelewa. Kwa njia hiyo alitoa "Concert in the Garden" mwaka 2004, na mwaka uliofuata ikapata Grammy bila kuuzwa katika duka lolote la santuri.

Albamu yake ya 2020, "Data Lords", ina sehemu mbili: moja inahusu dunia ya mitandao, nyingine inahusu dunia ya ndege, miti na ukimya. Sehemu ya kwanza inatisha. Kuna kipande kinaitwa "Don't Be Evil" (usiwe mwovu), kwa kuwakejeli Google na kaulimbiu yao ya zamani, na humo Ryan Keberle anapiga solo ya tromboni ambayo ningependa uisikie kabla hujaniambia tena chombo chako ni cha maandamano ya Krismasi tu. Usiitafute kwenye programu za kusikilizia muziki, kwa sababu kazi zake haziweki huko. Msimamo wake juu ya hizo kampuni ni uleule ulio ndani ya albamu. Nilinunua yangu, nikaguna, nikalipa. Na usiniombe nikunakilie kwenye flashi. Utaisikiliza hapa kwangu.

Wapo wengine nitakaowataja mbiombio. "The Epic" ya mpiga saksafoni Kamasi Washington, ya 2015, ina kwaya na ala za nyuzi na inakaribia saa tatu. Ni kazi kubwa, lakini kusema kweli, saa moja ningeikata. Mwimbaji Cécile McLorin Salvant katika "The Window" ya 2018 hana bendi kubwa. Karibu albamu nzima ni yeye na piano ya Sullivan Fortner, na bado hukosi chochote.

Kwa waimbaji, wewe mtoto wa kanisa utampenda Samara Joy. Babu na bibi yake walikuwa na kundi la nyimbo za injili Philadelphia, na hilo unalisikia anavyomalizia mstari. Mwaka 2023 alipata Grammy ya msanii mpya. Ila mimi nakutuma kwenye "Portrait" ya 2024, ambako anaimba na wapulizaji wanne, mmoja wao wa tromboni, na mara nyingine sauti yake inaingia katikati yao bila maneno, kama mpulizaji wa tano.

Halafu Somi, ambaye wazazi wake walitoka Uganda na Rwanda. Mwaka 2020 alitoa "Holy Room", iliyorekodiwa jukwaani Frankfurt pamoja na bendi kubwa ya redio ya umma ya huko. Hapo nina wivu. Ujerumani wana redio kadhaa za umma zinazoajiri bendi kubwa nzima kwa mshahara. Kwetu ala za shaba ziko kwa polisi, magereza, jeshi na makanisa, zinatoka siku za sikukuu na mazishi, kisha zinarudi kabatini. Wapulizaji tunao. Anayekosekana ni mtu wa kuwaandikia muziki wao wenyewe, na sioni kwa nini asitokee Vihiga. Unajua kusoma noti kuliko nusu ya wanamuziki wanaopiga hotelini hapa Kisumu.

Shule zikifungwa, panda matatu uje Kondele. Beba tromboni, majirani nitaongea nao. Kabla ya hapo nitumie ujumbe wa sauti uniambie, kwenye ile ya McBride, tromboni zinaingia wapi mara ya kwanza. Ukikosea nitajua hukusikiliza.

Mjomba wako.