Idi ya Mfungo Tatu: mbuzi naye ana haki yake

Assalaam alaykum ndugu, jamaa na majirani, nanyi mlioko Muskati, Dubai na Uingereza ambao siku hizi tunakuoneni kwenye simu tu. Idd Mubarak! Mwenyezi Mungu awatakabalie mahujaji wetu hija yao, atutakabalie na sisi funga ya Arafa na vichinjwa vyetu, na awarehemu waliotutangulia. Masika yanakatika, kusi imeanza kuvuma, na kila uwanja una mbuzi anayelia. Nina neno kidogo la kuongeza juu ya salamu. Wenye haraka ya kupiga pasi kanzu wanaweza kuishia hapa.

Juzi bandarini walikuwa wanashusha mbuzi wa kutoka bara. Mmoja alipakiwa nyuma ya vespa, miguu yote minne imefungwa pamoja, kichwa kinaning'inia karibu na gurudumu, tope linamrukia machoni. Mnunuzi wake yuko kwenye simu, anacheka. Sina shaka kisu cha bwana yule kitakuwa kikali na mbuzi ataelekezwa kibla. Lakini Mtume (S.A.W.) alipomkuta mtu ananoa kisu huku mnyama anamtazama, alimuuliza kama anataka kumuua mara mbili. Yule wa kwenye vespa tumhesabie mara ngapi?

Fiqhi yetu haikuanzia shingoni. Chongo hafai, kiguru hafai, mgonjwa hafai, aliyekonda mifupa hafai. Asichinjwe mmoja na mwenziwe anatazama. Mchinjaji asilipwe ujira kwa nyama wala ngozi ya kichinjwa. Na Qur'ani inasema waziwazi kwamba nyama na damu zao hazimfikii Mungu, kinachomfikia ni uchamungu wetu. Basi nanyi mnaotuma pesa mchinjiwe huku, Mungu akulipeni kheri, ila mkiomba video ya kisu ombeni pia kuambiwa mnyama alisafirishwaje na alilala wapi.

Kuna jambo jingine linalonishangaza kila mwaka. Siku hizi ambazo wanyama wengi kupita kiasi wanachinjwa duniani, ndizo siku ambazo hujaji aliyevaa ihramu haruhusiwi kuwinda hata sungura. Akimuua mnyama wa kuwinda kwa makusudi, ana fidia ya kutoa. Ndani ya eneo la Haram la Makka hata mti ulioota wenyewe haukatwi, na ndege hafukuzwi kwenye kivuli chake. Ruhusa na mpaka vimewekwa mahali pamoja, wakati mmoja. Mimi nadhani anayeshika ruhusa peke yake hajaielewa sikukuu.

Mwaka 1973, kwenye kongamano la wanafalsafa mjini Varna, Bulgaria, Richard Routley alileta swali ambalo wenziwe wanalijadili mpaka leo. Tuseme watu wote wamekufa, amebaki mmoja tu. Naye kabla hajafa anaamua kukata kila mti na kuua kila mnyama anayeweza kumfikia. Hakuna mtoto atakayekosa kivuli, hakuna jirani atakayelalamika. Je, amefanya kosa? Kama miti ina thamani kwa sababu sisi tunaihitaji tu, jibu lingekuwa hapana. Lakini karibu kila anayeulizwa moyo wake unakataa.

Sisi tuna hadithi inayokwenda mbali zaidi, aliyoipokea Anas bin Malik: Kiyama kikisimama na mkononi mwa mmoja wenu mna mche, akiweza kuupanda kabla hakijamkuta, na aupande. Nani atakula tunda lake? Hakuna. Kivuli hakuna, thawabu ya ndege atakayedonoa hakuna. Na bado umeambiwa panda. Nimewasikia mashekhe wakiitumia kuhimiza bidii ya kazi, na si vibaya, lakini naona wanaupita mti wenyewe. Qur'ani inasema mnyama wa ardhini na ndege anayeruka ni umma kama sisi. Umma una haki zake hata kama hakuna anayefaidika nao.

Najua mvuvi atanijibu kwamba kitoweo cha bahari kimehalalishwa hata kwa aliyehirimia. Kweli, na aya hiyo anaijua vizuri. Ila baruti haivui. Inaua mkubwa na mchanga, inabomoa matumbawe, na samaki wengi wanazama chini bila kuokotwa: hiyo ni israfu, yaani ubadhirifu, kwa jina lake hasa. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, ambako wazee wanasema Nabii Khidhr aliwahi kusali, kilitangazwa hifadhi mwaka 1998. Mwaka uliofuata wavuvi wakakalishwa darasani kwa Qur'ani, na walikuwepo waliosema kwamba boti ya doria utaikwepa, Mungu humkwepi. Nayapenda maneno hayo. Lakini siamini kwamba hotuba inainjika chungu. Anayenyang'anywa bahari apewe njia nyingine ya kula, la sivyo tunamwadhibu maskini kwa jina la samaki.

Basi kwa mtaa wetu maombi ni madogo. Chimbeni shimo la damu na taka za matumbo mapema, pwani si jaa. Mbuzi apewe maji na kivuli usiku wa kuamkia Idi. Ngozi mzitie chumvi siku hiyo hiyo, kuna wenye kuzitaka kwa ngoma na kwa misala.

Nyumbani kwetu nyama inagawiwa baada ya adhuhuri. Njooni na vikapu vya ukili au sufuria. Mwenye mfuko wa plastiki atarudi nao mtupu, na mke wangu ndiye mlangoni, kwa hiyo msijaribu. Supu ya kichwa ni Idi pili, asubuhi.

Kullu aam wa antum bikhayr.