Barua ya wazi: Mheshimiwa, usifunge mtandao kwa jina la mwanangu

Kwako Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote.

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua mbili nilizoleta kwa mkono hazikujibiwa. Moja iligongwa muhuri wa kupokelewa, ya pili iliachwa juu ya meza. Jina lako silitaji, wala cheo chako. Wewe unajijua, na akina mama tuliokuwa ukumbini siku ulipokuja kuzungumza nasi habari ya watoto na mitandao tunakujua. Mimi ndiye niliyesimama mstari wa nyuma, tepu ya kupimia iko shingoni maana nilitoka kazini mbio, nikakuuliza: hii simu mzazi anaidhibiti vipi? Ukasema ni swali zuri. Ukaahidi kutuletea mtaalamu wa kutufundisha kwa Kiswahili, mtaa kwa mtaa, ndani ya miezi mitatu. Ikapitishwa karatasi, tukaandika majina na namba zetu.

Huu ni mwezi wa kumi na nne.

Ningeendelea kusubiri, kusubiri tumezoea. Lakini Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa natia kola kwenye shati la shule, simu iko dirishani inachaji. Ikalia. Nikadhani ni mteja, maana oda zangu zote zinakuja WhatsApp: vipimo, picha za mishono, hata rangi ya kitambaa mtu ananitumia huko. Nikasoma ujumbe: "Umelala? Nitumie ya leo, kama ya jana." Picha ya mtumaji ilikuwa ya msichana aliyevaa sare, nywele kazibana, anacheka.

Nilisimama na sindano mdomoni. Nikapandisha juu kusoma. Wiki tatu, Mheshimiwa. Mwanangu wa kike ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Maongezi yalianzia kwenye hesabu za sehemu na desimali: "huyo rafiki" akimsaidia kazi ya nyumbani, na kwa kweli majibu yalikuwa sahihi. Kisha yakaja makopa mekundu ya mapenzi. Kisha akaambiwa ana macho mazuri. Kisha picha. Ya jana ilikuwa ya uso tu, amevaa mtandio wa madrasa, na nilimshukuru Mungu palepale kwa sauti. Picha iliyotakiwa siku ile siwezi kuielezea hapa.

Nikapiga ile namba. Ikapokelewa. "Haloo, nani mwenzangu?" Sauti ya mwanamume mzima, sauti ya mtu wa umri wangu. Nilipotamka jina la mwanangu akakata, na namba haijapatikana tena hadi leo.

Namba yetu aliipata wapi sijui. Nadhani ni kwenye kundi la tuisheni, ambako wazazi zaidi ya mia tumewekwa pamoja na kila anayeingia anaona namba za wote. Inawezekana nakosea.

Nilifunga cherehani siku mbili kwenda kutoa taarifa. Sitaitaja ofisi. Kijana aliyenipokea alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia: "Mama, simu ni yako, laini imesajiliwa kwa alama ya kidole chako, mtoto ni wako. Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, Mheshimiwa. Wakati mwanangu anaandikiana na yule mtu, mimi nilikuwa nimempa mgongo kwa sababu cherehani yangu inaelekea dirishani kwenye mwanga. Nilikuwa nashona sare za watoto wa watu ili nilipe ada za wangu. Nilikuwa namsikia akicheka, nikafurahi kwamba leo mtoto ana raha.

Sasa naomba tuseme habari ya vidole. Sote tulipanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Tuliambiwa ni kwa usalama wetu. Basi na laini ya yule bwana ina kidole cha mtu nyuma yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na ndani yake picha chafu za watoto zimekatazwa waziwazi. Kwa sheria hiyohiyo, maneno ya kumtukana Rais yalipoandikwa kwenye Facebook, mtu mmoja wa Arusha alipatikana, akashtakiwa na kuhukumiwa, mwaka 2016. Kwa hiyo mtu wa mtandaoni anaweza kupatikana. Wangu anashindikana kwa nini?

Naambiwa serikali inawajali watoto, ndiyo maana inafunga. Mei 2025 mtandao wa X ulipofungwa, sababu tuliyopewa ilikuwa picha za ngono. Naomba nikueleze kilichotokea nyumbani kwangu baada ya kufungwa, kwa sababu huko juu hamuwezi kukiona.

Mwanangu wa kiume ana miaka kumi na minne. Yeye na wenzake wa barazani walikuwa wakifuatilia habari za usajili wa wachezaji huko X. Ni mtoto wa Tanga, Coastal Union ndiyo maisha yake. Haikupita wiki, wote wakawa wameweka VPN za bure, zile programu za kupitia nchi nyingine ili kufungua kilichofungwa hapa. Nilimwambia anionyeshe. Akabonyeza kijialama cha ufunguo, ikatokea bendera ya nchi ya Ulaya, nikahesabu moyoni: sikufika kumi, X ikafunguka. Na kabla haijatulia, VPN yenyewe ikaleta tangazo. Mwanamke hana nguo. Mimi nikageukia ukutani, mtoto naye akageukia ukutani, tukakaa hivyo mama na mwana kila mmoja anaogopa kumtazama mwenzake.

Najua tangu Oktoba 2023 tulitangaziwa kwamba mwenye kutumia VPN ajisajili. Ile ya kwenye simu yetu niliifuta usiku uleule, kwa hiyo usinitumie barua ya onyo. Ninachosema ni kwamba mwanangu alikuwa hajawahi kuona tangazo lile wakati X iko wazi. Aliliona alipotafuta njia ya uani.

Na yule mtu mzima wa makopa mekundu hakupita X. Alipita WhatsApp, ambayo haijafungwa na ninakusihi isifungwe, maana ndiyo inayotulisha. Tarehe 29 Oktoba 2025 na siku zilizofuata, mtandao ulipozimika nchi nzima, nilikuwa na gauni la bibi harusi wa Mombasa mezani. Picha ya mshono na vipimo vya mikono viko kwenye ujumbe ambao sikuwahi kuufungua. Sisemi siasa hapo. Nasema ukizima, anayekaa gizani ni mimi. Watoto siku zile walikuwa wanaangalia vitu vilivyo kwenye memori kadi, na memori kadi haiulizi bando: inatoka begi hili inaingia begi lile, na nyingine zina mambo ambayo hakuna mitambo ya kuchuja itakayoyaona.

Siku ile ukumbini ulituambia asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ukumbi mzima uliitikia, nami niliitikia kwa sauti. Sikatai. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mzazi amlinde mtoto na hatari za mwili na za maadili na ampe mwongozo, na mimi hata bila sheria nalijua hilo. Kosa langu nalibeba: simu nilimpa mimi, ili anyamaze nimalize kazi. Nimelia kwa hilo na nitaendelea kulia. Lakini mama huyu naye, habari ya simu, nani kamfunza? Mama yangu alinifunza nisipokee kitu cha mtu njiani, nisiingie nyumba ya mwanamume aliye peke yake hata akiniita kwa jina. Yalinifaa, nami nimewafunza wangu hayohayo. Hakunifunza habari ya mwanamume anayeingia ndani ya nyumba yetu kwa sura ya msichana wa shule, akafundisha desimali wiki nzima. Mama mwenyewe angemkaribisha.

Zamani kidogo, hapa Ngamiani watoto walikuwa wakitaka intaneti wanakwenda kafe. Unalipia nusu saa, kompyuta zimepangwa ukutani, nyuma yako wanapita watu. Mwenye kafe akimwona mtoto anachungulia upuuzi alikuwa anamfinya sikio na kumtaja mama yake kwa jina. Kanuni za serikali za maudhui ya mtandaoni za 2018 zikataka kafe zifunge kamera na zichuje yanayotazamwa. Ile niliyoijua mimi ikafungwa. Nadhani gharama zilimshinda mwenyewe, na nadhani pia simu za bei rahisi zilimnyang'anya wateja, sitaki kumsingizia mtu. Lakini lile jicho la mtu mzima lililokuwa likipita nyuma ya kiti halikurudi. Sasa mtoto anatazama chini ya shuka.

Nimesikia wakubwa wakisema tuige Australia, iliyowakataza walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti za mitandao ya kijamii tangu tarehe 10 Desemba 2025. Sijui kama inatufaa. Nilichoelewa ni kwamba huko faini wanapigwa wenye makampuni, hawapigwi wazazi wala watoto, na mtu mzima hakufungiwa chochote. Na WhatsApp, mlango aliopitia adui yangu, haimo kwenye katazo lao.

Nikuambie nilivyofundishwa hatimaye. Baada ya mkasa huu alikuja binti wa jirani, amemaliza kidato cha nne mwaka jana, akaketi kwenye kigoda changu cha wateja. Kitu cha kwanza aliniuliza: "Mama, kwa nini simu yako iko Kiingereza?" Akaingia kwenye mipangilio, akachagua lugha, simu nzima ikageuka Kiswahili. Nimeishika simu ile miaka minne! Nimeishia darasa la saba, vitu vingi nilikuwa nabonyeza kwa kukariri rangi. Halafu akanionyesha Play Store inavyowekewa namba ya siri ya mzazi, mtoto asipakue programu isiyo ya umri wake. Akanionyesha kwenye WhatsApp jinsi ya kuzuia watu wasikutie kwenye makundi bila ruhusa yako, na jinsi ya kuficha picha yako isionwe na usiowajua. Tulimaliza yote kabla chai haijapoa.

Na mama mmoja tuliyekutana kwenye benchi la ile ofisi ndiye aliyeniambia kuna namba 116, simu ya bure ya mtoto. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Kwa nini namba hiyo niisikie kwa mwenzangu mwenye msiba kama wangu, na isiwe imeandikwa ukutani pa kila darasa na kila duka la vocha kuanzia Kange hadi Raskazone?

Mwanangu wa kike hataki kushika simu tena. Anaisogeza kwa ncha ya kidole kama kaa la moto. Juzi aliniuliza kama yule mtu anajua nyumba yetu. Nikamwambia hajui. Sina hakika, Mheshimiwa, nilimwambia uongo, kisha nikatoka uani nikakagua komeo. Usiku wa kwanza alilala kitandani kwangu, na wa pili, na hadi ninapoandika bado yuko kwangu.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na madai matano. Nilitaka kusema mambo ya kanuni, ya leseni, ya makampuni ya simu yanayotuuzia bando la usiku kwa bei ya chini wakati watoto ndio wako macho. Naona yote yananirudisha palepale. Mtafuteni yule bwana, kidole chake mnacho. Na ule ukumbi, na yule mtaalamu uliyetuahidi. Usitufungie mtandao ukasema ni kwa ajili ya watoto wetu. Tufundishe sisi wazazi. Hilo uliliahidi kwa mdomo wako, mbele ya akina mama ukumbi mzima, na halihitaji sheria mpya wala mitambo.

Kama ile karatasi ya majina imepotea, nimeandika upya. Nimepita nyumba kwa nyumba jioni tatu, baada ya kazi. Wako wazazi 31, akina baba tisa humo, wameandikwa kurasa za nyuma za daftari langu la vipimo. Viti tutaazima vya shughuli, mwenye ukumbi hatozi kitu kwa jambo kama hili, nimekwisha muuliza. Jumamosi baada ya Alasiri wengi tunakuwa na nafasi. Asipopatikana mtaalamu wa kutoka mbali, tupe kibali tu na nauli ya yule binti wa jirani aende na mitaa mingine.

Nasubiri jibu lako, safari hii kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi cherehani, mama wa watoto wawili
Ngamiani, Tanga