Kitabu cha Ubatizo

Lancaster, Pennsylvania
9 Novemba 2025

Ndugu yangu Mhina,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili nikiwa garini nje ya kazini, na swali lako limenikaa kichwani wiki nzima: "Huyo kijana ana pasipoti ya Marekani, anakwama wapi tena?" Nikaona hili halijibiki kwa simu. Nakuandikia, na mwishoni nina ombi. Ni ombi zito, ndiyo maana nataka kwanza ujue limetokea wapi.

Elia sasa ana miaka 19. Bado ni namba tatu, beki wa kushoto, na mguu wa kushoto ni ule ule uliouona mwaka 2019 pale Chumbageni, Tanga, alipowahenyesha wenzake mchangani mpaka ukaniambia huyu mtoto nisimfanyie mzaha. Sikumfanyia. Tangu ana miaka tisa nimelipia mpira wake. Huku mtoto hachezi klabu ya maana bila mzazi kutoa ada; mwaka wa mwisho nilitoa zaidi ya dola 3,000, bado mafuta ya gari, viatu na hoteli za mashindano. Jumapili watoto wa Kikongo, ambao familia zao zimekuja hapa kama wakimbizi, hucheza bustanini bure, wanaitana kwa Kiswahili chao kitamu ajabu. Kuna mmoja wao, kiungo, ambaye nakuapia anamzidi Elia kwa akili ya mpira. Baba yake anafanya kazi ya usiku, hiyo ada hana, na hakuna skauti, yaani msaka vipaji wa klabu, anayekuja kusimama pembeni ya bustani ile. Kila nikipita pale roho inaniuma.

Mwezi wa sita Elia alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza wa chuo. Akasema anataka kwenda kujaribu Ujerumani. Tukapata kampuni moja iliyojitangaza kwamba inawapeleka vijana wa Kimarekani kwenye majaribio mbele ya maskauti wa klabu: dola 4,500 kwa wiki tatu. Nikalipa. Alipofika akakuta uwanja mzuri, jezi nzuri, na vijana kama thelathini, wote Wamarekani, wote wamelipa, wanacheza wao kwa wao. Aliambiwa maskauti watakuja Alhamisi. Ikawa Jumamosi. Aliyekuja ni mpiga picha. Siku aliyonipigia nilijua pesa imekwenda, lakini kilichonitoa machozi ni jinsi alivyokuwa akiniomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyenitapeli.

Ila hakurudi nyumbani. Alichukua begi akapanda treni kuelekea magharibi, ile sehemu ya Dortmund, Bochum na Gelsenkirchen, ambako miji imebanana na kila mtaa una timu. Akaanza kuzunguka viwanja vya mazoezi vya timu ndogo. Anafika saa nzima kabla, anamsubiri kocha, anajieleza kwa Kijerumani cha kujifunzia kwenye simu. Wengine walimkatalia getini. Timu moja ya daraja la tano, wenyewe wanaliita Oberliga, ikamruhusu afanye nao mazoezi. Wachezaji wa pale mchana ni mafundi umeme, wanafunzi, madereva. Jioni ndiyo wanavaa viatu. Siku tatu zikawa wiki, wiki zikawa tatu. Akachezeshwa mechi mbili za kirafiki, na ya pili akatoa pasi ya bao. Kocha akamwita ofisini, akamwekea kahawa, na neno la kwanza alilomuuliza ni: "Una pasipoti gani?"

Mhina, jibu la swali lako liko hapo. Ile pasipoti ya bluu ambayo sote tuliiona kama ufunguo wa dunia inampa Elia ruhusa ya kukaa kule siku 90 kama mtalii. Ikija kwenye kazi ya mpira, yeye ni mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya, sawasawa na mwanao angetoka Tanga. Sheria ya Ujerumani inataka mchezaji wa nje alipwe mshahara usiopungua nusu ya kile kiwango cha juu cha kipato kinachokatwa mchango wa pensheni, ndipo apewe kibali. Kwa mwaka 2025 hiyo nusu ni kama euro 4,000 kwa mwezi. Kocha yule alikuwa na euro 400 za kumpa Elia, na kitanda kwenye nyumba ya wachezaji.

Kwa klabu kubwa 4,000 si pesa. Mmarekani Weston McKennie alitoka akademi ya FC Dallas akaenda Schalke ya Ujerumani mwaka 2016, anatimiza tu miaka 18, na mwaka 2020 alikuwa Juventus. Sheria haikumgusa. Nimeitazama sana hiyo sheria usiku nikiwa sina usingizi, na naona inamkaba yule tu anayetaka kuanzia chini. Sasa kijana asiye na jina aanzie wapi, kama si chini?

Uingereza ndiyo usiseme. Unakumbuka Januari 2010, Manchester City walivyomtaka Mkenya Mariga, akanyimwa kibali kwa sababu Kenya ilikuwa chini mno kwenye orodha ya FIFA? Akaenda Inter ya Italia, na Mei ile ile Inter ikabeba Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mimi nawe tulisema kwa uchungu kwamba ni kwa sababu ni Mwafrika. Basi ujue Brad Friedel, kipa Mmarekani, alikataliwa kibali hicho hicho zaidi ya mara moja miaka ya tisini, mpaka Liverpool walipompata mwaka 1997. Mtu huyo huyo baadaye alicheza mechi 310 za Ligi Kuu mfululizo bila kukosa hata moja! Siku hizi wanahesabu pointi, zinatakiwa 15, nazo zinatokana na mechi za timu ya taifa na ukubwa wa ligi unayotoka. Kijana wa chuo hana kitu cha kuhesabiwa.

Turudi kwa kocha. Alipoona uso wa Elia umebadilika, akamuuliza la pili: "Huna babu wa Ulaya?" Hakumdhihaki. Kule ni swali la kawaida kabisa, na nitakuambia kwa nini.

Christian Pulisic, mchezaji wa timu ya taifa ya Marekani, kwao ni Hershey, mji wa kiwanda cha chokoleti, si mbali kwa gari kutoka hapa ninapoandikia. Klabu aliyokulia iko katika wilaya yetu hii. Hakuna mtoto wa mpira hapa asiyemjua. FIFA inakataza mtoto kuhama nchi kwa ajili ya mpira kabla ya miaka 18, ila raia wa Umoja wa Ulaya anaweza akiwa na 16. Babu yake Pulisic, mzaa baba, alizaliwa kwenye kisiwa kidogo cha Kroatia kinaitwa Olib. Kwa babu huyo akapata uraia wa Kroatia, na mwaka 2015 akaingia Borussia Dortmund akiwa na miaka 16. Januari 2016 alikuwa anacheza Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani. Mwaka 2019 Chelsea wakamnunua kwa euro milioni 64. Kipaji anacho, sikatai, nimemtazama mara nyingi. Lakini ile miaka miwili aliyowatangulia wenzake alipewa na mzee wa kisiwani, na hiyo ni miaka ambayo beki wala winga hawezi kuirudisha.

Anayemtoa Elia machozi, hata hivyo, si Pulisic. Ni Jay DeMerit. Huyu alikuwa beki, kijana wa Green Bay, Wisconsin. Akamaliza chuo Chicago, na hakuna timu ya ligi yao iliyomchagua. Mwaka 2003 akapanda ndege kwenda London na dola 1,800 na begi la mgongoni. Akachezea Southall, daraja la tisa, kwa pauni 40 kwa wiki. Daraja la tisa, Mhina! Mwaka uliofuata akawa anafanya mazoezi ya kabla ya msimu na timu nyingine ndogo, Northwood, wakacheza mechi ya kirafiki na Watford. Watford wakampenda, wakamwita kwenye majaribio, wakamsajili. Mei 2006, fainali ya kugombea kupanda Ligi Kuu dhidi ya Leeds pale Cardiff, bao la kwanza la Watford alifunga yeye kwa kichwa. Mwaka 2010 yuko Afrika Kusini, Kombe la Dunia, anamkaba Rooney. Tuliitazama ile mechi mimi na wewe, kila mtu kwake, na hatukujua tunamwangalia nani.

Elia anaijua habari hiyo herufi kwa herufi. Kuna kipande ambacho vijana wakisimuliana huwa wanakiruka: babu yake DeMerit alikuwa Mdenmark. Kwa babu huyo ndiyo akaruhusiwa kufanya kazi Uingereza, enzi hizo ikiwa bado Umoja wa Ulaya, kwa pauni 40, bila mtu kumuuliza mshahara wa kibali. Elia alikigundua kipande hicho akiwa amekaa kituo cha treni, jioni ile ile aliyotoka ofisini kwa kocha. Akampigia mama yake. Akamuuliza: "Mama, yule babu Mgiriki, alikuandikisha popote?"

Shemeji yako aliweka simu mezani, akatoka nje.

Wewe unajua kidogo kidogo, kwa sababu Tanga ni Tanga, lakini hujawahi kuniuliza, na nakushukuru kwa hilo. Baba yake mke wangu alikuwa mmoja wa wale Wagiriki wa mashamba ya mkonge upande wa Muheza. Mama mkwe wangu alikuwa akifanya kazi kwenye zahanati ya shamba. Mtoto alizaliwa 1972, na alipofikisha miaka miwili baba akaondoka, hakuandika tena. Katika miaka 22 ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia mke wangu akilitamka jina la mtu huyo. Usiku ule aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Ilipita siku ya pili ndipo akaja akakaa karibu yangu, akasema, "Mama aliniambia nilibatizwa, na yeye alikuwepo." Kisha akasema, "Tafuta. Kwa ajili ya mtoto."

Nimezungumza na mwanasheria. Njia ni ndefu. Wagiriki wanataka ushahidi kwamba wazazi walifunga ndoa au baba alimtambua mtoto kisheria, na jina la baba lionekane kwenye kitabu cha familia cha manispaa ya kwao. Cheti cha ubatizo peke yake hakitoshi. Lakini sisi hata jina lake la ukoo hatuna kwa uhakika, wala hatujui anatoka kisiwa gani au kijiji gani, na kitabu cha ubatizo kinaweza kuwa na vyote viwili.

Sasa ombi lenyewe. Nenda Muheza, kwenye ile misheni ambayo mama mkwe alikuwa akisali. Nitakutajia jina kwa simu. Mwombe paroko vitabu vya ubatizo vya 1972 hadi 1974. Jina la mtoto unalijua. Akikubali, aandike nakala na kuipiga muhuri. Shangazi yako wa kule, kama kumbukumbu bado zipo, mkalishe umuulize kwa upole kuhusu wafanyakazi wa zamani wa shamba, ila usimwambie mtu mwingine ni kwa ajili ya nini. Watasema tunatafuta urithi. Na yule kijana uliyemtaja kwenye ujumbe, anayetengeneza vyeti, simtaki. Najua ulisema kwa kunipenda. Lakini karatasi ya uongo ikikamatwa Elia hatacheza tena popote, na shemeji yako atakuwa amefunguliwa kidonda chake kwa ajili ya uongo. Kama jina halimo, halimo.

Elia amerudi tangu Agosti. Alfajiri anapanga mizigo kwenye ghala, jioni anakimbia, hata baridi hii ya sasa. Chuo kimemwekea nafasi mpaka Januari na nimemwambia arudi darasani wakati tunasubiri. Amekubali, kwa shingo upande. Kocha bado anamwandikia. Nimemweleza kwamba karatasi zinaweza kuchukua miaka miwili au mitatu. Akanijibu kwamba DeMerit alipoingia Watford alikuwa na miaka 24.

Nauli nitakutumia Ijumaa, na ya shangazi nitaweka humo humo. Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaituma. Hakufuta kitu, ila amesema nikuongezee jambo moja: ukikikuta kitabu, angalia kama jina la baba limeandikwa na padri au ameliandika mwenyewe. Kama ni mwandiko wake, upige picha, umtumie yeye, si mimi.

Msalimie shemeji na watoto wote. Elia anakuamkia, shikamoo yake uipokee.

Ndugu yako,
Semboja