Barua kwa mdogo wangu uliyeko Mtumba

Mdogo wangu,

Pole na kazi. Mama anakusalimia sana. Yale maboga uliyoagiza hayapo tena, tembo wameyamaliza.

Walipita usiku wa kuamkia Jumamosi. Tulipiga madebe, tukawasha moto, watoto wakamulika tochi. Wakasimama kidogo pale kwenye mbuyu, kisha wakaendelea na safari yao. Asubuhi nikakuta nyayo pana kama ungo, zimejaa maji ya mvua, zimekata mtama katikati. Hazikuzungukazunguka hata kidogo. Zimenyooka kutoka upande wa pori la akiba la Swagaswaga hadi bondeni, njia ileile aliyotuonyesha babu tulipokuwa tunachunga mbuzi. Sisi ndio tuliolima njiani kwao. Na hatukuvamia: kijiji kilitugawia, mihtasari ipo.

Nimekaa na hasira siku mbili ndipo nikaona nikuandikie wewe, maana hapo Mtumba, kwenye mji wa Serikali, uko jirani na meza zinakoandikwa sera.

Habari ya kifuta jasho, yale malipo ya Serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, unaijua. Kanuni za 2011 zilisema shamba lililo chini ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halilipwi, na hata linalolipwa halihesabiwi zaidi ya ekari tano. Mimi sizipingi, bila mipaka hiyo watu wangelima hadi mlangoni mwa pori. Lakini jina lenyewe linasema: kinafuta jasho, hakirudishi gunia. Na afisa aliyekuja kupima hasara yetu mwaka juzi alifika siku ya tisa, majani yameshaota juu ya nyayo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ipo. Kanuni za shoroba, yaani mapito ya wanyamapori, zilitoka 2018. Vijiji navyo vinatakiwa kuwa na mpango wa matumizi bora ya ardhi. Ila huku ardhi inagawiwa kwanza, ramani inakuja baadaye, na tangu Serikali ihamie Dodoma watu wa mjini wanakuja kila mwezi kuulizia mashamba ya alizeti. Nawaelewa, alizeti ina hela, na nchi inahitaji mafuta ya kula. Vilevile inahitaji tembo: utalii unaleta karibu robo ya fedha zetu za kigeni. Basi njia ya tembo ichorwe kabla ekari hazijauzwa. Kumhamisha mtu ambaye ameshajenga na kuzika hapo ni kumuumiza, tena ni ghali kuliko kumnyima kiwanja mapema.

Lile shamba la bondeni mwakani silimi. Nitaweka mizinga pembeni, tembo hawapendi nyuki, na asali tutauza.

Mkutano wa kijiji ni mwisho wa mwezi, na ajenda ni kugawa ekari nyingine kulekule. Njoo kabla ya siku hiyo, hata kwa siku moja. Nimeshamwomba mtendaji tuifuate ile njia kwa miguu, kuanzia kwenye mbuyu, tukiweka vigingi.

Kaka yako