Baba yake anataka daraja la kwanza tupu, mimi naogopa mchujo

Anti, habari za kazi. Tunaishi Dodoma, mimi nina duka la nafaka, mume wangu ni fundi umeme. Binti yetu ana miaka 13, kamaliza darasa la saba Septemba na Januari anaingia kidato cha kwanza. Tumekubaliana asome bweni, shule binafsi. Kukubaliana kwetu kumeishia hapo.

Baba yake kachagua shule ya Moshi. Kila tukiongea ananiambia, "Pale hakuna daraja la tatu, mama watoto." Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, lakini yeye kumi bora zake anazo kichwani. Fomu keshalipia, usaili mtoto kapita kwa 61. Ada ni milioni tatu na laki mbili kwa mwaka, bado godoro, tranka, ndoo mbili na nauli. Pesa tutajibana, si hoja yangu.

Hoja yangu ni kifungu cha 17 cha fomu ya kujiunga. Mwanafunzi asiyefikisha wastani wa 60 kidato cha pili, mzazi atamtafutia shule nyingine. Nilikisoma nikiwa dukani, nikaiweka fomu juu ya mizani, nikakaa.

Kaka yake yalimkuta hayo hayo. Shule nyingine, mkoa mwingine, alipata 57. Aliyetupigia simu ni mhasibu, wala si mwalimu, akasema tukamchukue na mizigo yake. Nilimkuta getini kakalia tranka, godoro limefungwa kamba, wenzake wako darasani. Na fomu ya kule niliisaini mwenyewe bila kuisoma. Akamalizia shule ya kata hapa mtaani, akapata daraja la pili, pointi 19. Sweta ya ile shule anaivaa mpaka leo, ila nembo aliifumua kwa wembe.

Tangu hapo nimejifunza kuhesabu. Matokeo yako kwenye tovuti ya Baraza, yeyote anaona. Nilifungua ya kidato cha pili 2022 ya hiyo shule ya Moshi, nikahesabu mstari kwa mstari: wanafunzi 112. Nikafungua ya kidato cha nne 2024, darasa lile lile: 79. Wapo waliohama kwa sababu zao, sikatai. Lakini 33? Mume wangu nilipomwonyesha alisema shule ya maana haibembelezi mtu.

Mimi nimeona nyingine Iringa, ya masista. Nilikwenda siku ya kawaida bila kutoa taarifa. Bwenini nilimkuta matroni kapiga magoti anampaka binti mmoja dawa ya fangasi miguuni, huku wanacheka. Nikamuuliza mkuu wa shule, wasiofikisha wastani mnawafanyaje? Akajibu, "Saa kumi wanabaki na mimi, tunapiga hesabu." Idadi yao ya kidato cha pili na ya kidato cha nne inakaribiana. Ila daraja la tatu lipo, tena la wengi, maabara ni moja, na binti yangu anataka uuguzi, kwa hiyo kemia na baiolojia lazima apate. Hapo baba yake ananishinda.

Na mtoto mwenyewe anataka Moshi. Rafiki yake anakwenda huko, madaftari keshayaandika jina la shule. Hesabu anapata arobaini na kitu tangu darasa la tano.

Anti, nisaidie. Kuna namna mzazi anaweza kukaa na mkuu wa shule wakazungumza kuhusu kifungu kama hicho kabla ya kulipa, au nitaonekana mkorofi? Binti nimwonyeshe zile idadi, au nitamtia woga kabla hajaanza? Na nikisema hapana, ni kwa ajili yake, au ni mimi bado nipo pale getini na kaka yake? Awamu ya kwanza inatakiwa kabla ya tarehe 15 Desemba.

Mama wa wawili, Dodoma