Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni wetu: wapagazi wangu wamefikaje kwenye bango lako?

Kwako Ndugu Afisa Utamaduni,
Lindi.

YAH: MALIPO YA KIJITABU CHA VIBONZO CHA TENDAGURU, PAMOJA NA BANGO LA NANE NANE

Salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naamini unakifahamu, maana nimekwisha kukuandikia chenye maneno karibu hayohayo, barua ikagongwa muhuri masjala, na baada ya hapo kimya. Safari hii nimeona niandike mbele za watu. Uniwie radhi, barua za bahasha zimenishinda.

Nilikuwa nimeamua kutulia mpaka mwaka mpya wa fedha ukae sawa, kama mlivyonishauri. Kisha nikaenda Ngongo kwenye maonyesho ya Nane Nane, mwananchi kama wananchi wengine, kuangalia mbegu za ufuta na mashine za kubangulia korosho. Nikapita kwenye banda lenu. Bango limesimama pale mlangoni, refu kunizidi, na juu yake yupo mpagazi wangu. Nasema wangu kwa sababu namjua alikotoka: ukurasa wa 11, kisanduku cha tatu, kwenye kijitabu chetu cha Tendaguru, kile kilima cha huku Lindi ambako Wajerumani walichimba mifupa ya mjusi mkubwa wa kale, dinosaria. Mfupa wa paja umefungwa kamba kwenye mti, wanaubeba wawili, wa mbele ameinamisha shingo na kitambaa chake cha kichwani kimelowa chapa. Kwenye kijitabu chetu anamwambia nyapara, "Tupumzike, bwana. Shingo hii siyo ya serikali." Kwenye bango lenu mtu huyohuyo, na jasho lake lilelile, mwaka 1910, anasema: "Karibu uwekeze Lindi!"

Nilicheka kwa sauti. Kijana wa bandani akadhani nimefurahi, akanipa kipeperushi.

Halafu nikaangalia pembeni chini, mkono wa kulia, pale mchoraji mwenzangu anapotia saini yake na jina langu likafuata. Pamefunikwa na nembo, na maandishi: "Imeandaliwa na Kitengo cha Utamaduni". Mimi nadhani lililowatisha ni lile neno serikali, ingawa serikali inayosemwa pale ni ya Mjerumani na ilishafunga virago zaidi ya miaka 100 iliyopita. Au pengine hakuna aliyetishika, mmeona tu pana nafasi nzuri ya nembo. Vyovyote iwavyo, sasa naelewa kwa nini nilipigiwa simu usiku, wiki moja kabla ya maonyesho, nikiombwa "zile picha zenye ubora wa kuchapa, haraka, bosi anazihitaji". Nikazituma. Nilijua zinaambatanishwa kwenye malipo.

Ndugu Afisa, nikukumbushe tulikotoka, kwa sababu una mengi mezani. Ulituita ofisini mimi na mchoraji, ukatuagizia soda, ukasema kwa uchungu kabisa kwamba mtoto wa Lindi anamjua simba wa Serengeti lakini hamjui mjusi wa kwao mwenyewe. Maneno mazuri. Mimi niliyaandika kwenye daftari. Tukakubaliana kurasa 24 za rangi, shilingi 100,000 kwa ukurasa, humo humo hadithi, michoro, rangi na uandishi wa maneno. Tukapewa 300,000 ya kuanzia. Iliyobaki, 2,100,000, tuipate siku ya kukabidhi kazi. Kazi tulikabidhi. Mkaipokea, mkaisifu, tukapigwa picha tumeishika, na picha ile ikarushwa mitandaoni na pongezi tele kwa ofisi yako.

Kutoka hapo tukaanza kupigwa kalenda. Mara dokezo, ile karatasi ya kuidhinisha malipo, liko kwa mhasibu. Mara mhasibu kasafiri Dodoma. Mara nilete TIN, namba ya mlipakodi, nikaleta. Mara nijisajili kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali, nikajisajili, na yeyote aliyejaribu kujisajili kwa bando la wiki na simu iliyopasuka kioo anajua nazungumzia nini. Mara nilete risiti ya EFD, ile mashine ya kodi ya madukani, mimi ambaye duka langu ni daftari na penseli. Nikaambiwa pia kuna kodi ya zuio asilimia 5. Hiyo sikubisha hata kidogo. Zuieni hiyo 5, nipeni 95. Ikafika Juni 30, mwaka wa fedha ukafungwa, na deni langu likafungiwa humo ndani.

Sasa nije kwenye lile lililoniuma kuliko pesa. Siku moja, na ulikuwa unatabasamu, uliniuliza: "Lakini wewe si umeandika maneno tu? Mengi kachora mwenzako. Maneno machache hivi milioni mbili?" Sikujibu, kwa heshima. Niruhusu nijibu leo.

Ni kweli ni machache. Kiputo cha maneno kikizidi maneno kumi na tano, kinakula kichwa cha mhusika, na mtoto wa darasa la nne anakiruka. Kwa hiyo kazi ya mwandishi wa vibonzo ni kujua mambo mengi na kuyaacha nje. Hebu chukua hayo maneno matano mliyoyafuta. Ili yule baba aseme "Shingo hii siyo ya serikali", nilihitaji kwanza kujua kwamba Vita vya Maji Maji vilikwisha 1907 na kuacha njaa kusini nzima, kwamba uchimbaji wa Tendaguru ulianza 1909 ukaenda hadi 1913, na kwamba kwa hiyo watu waliokwenda kubeba mifupa ile ni watu waliotoka kuzika ndugu zao. Wanahitaji ujira. Wengine wamekuja na wake na watoto, wamejenga vibanda pale kilimani. Mtu wa namna hiyo hamtukani nyapara, na wala hanyamazi kabisa. Anasema kwa utani wenye mwiba. Niliandika sentensi ile nikaifuta, nikaandika nyingine, nikaifuta, mpaka ikakaa. Mchoraji naye akabadilisha shingo yote ya yule mtu ili ifanane na alichosema. Hivyo ndivyo tunavyofanya kazi sisi wawili, na ndiyo maana sikubali kuambiwa nani kafanya "mengi".

Tena tulimweka Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, mtu wa huku, ambaye jina lake limebaki kwenye kumbukumbu za uchimbaji ule wakati majina ya mamia ya wenzake yamepotea. Tuliwaweka wapagazi wakitembea kama siku nne, mizigo kichwani, mpaka bandarini hapa Lindi. Zaidi ya tani 200 za mifupa na udongo zilipita katika mji huu kwenda Berlin, ambako mjusi yule amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho tangu 1937, kimo chake zaidi ya mita 13, na watu wanalipa kiingilio kumwona. Kurasa za mwisho nilimwonyesha mjukuu wa mpagazi akiuliza maswali. Hizo kurasa hazikufika kwenye bango. Zina maswali mengi mno kwa mwekezaji, nadhani.

Na hapa, Ndugu Afisa, unisamehe, nitasema bila kuzunguka. Nilikuwepo ulipopanda jukwaani ukasema Wajerumani walichukua mali yetu, wakaweka jina lao, na wenye jasho hawakutajwa. Nilipiga makofi. Suala la mjusi huyu limeshafika mpaka bungeni, na mimi ni miongoni mwa wanaotaka Lindi ipate chochote kutokana naye. Lakini umechukua kazi yangu, umeweka jina lako, na mwenye jasho hukumtaja. Mjerumani angalau aliwalipa wapagazi ujira, mdogo ulivyokuwa. Tukienda Berlin kudai, twende na mikono iliyonawa.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na inasema mtunzi ana haki ya kutajwa kwenye kazi yake, na kazi hiyo isipotoshwe. Umeipotosha na hukumtaja. Sisemi hivyo kwa kutishia kesi. Nauli ya kwenda kumwona wakili sina, na hilo unalijua vizuri, pengine ndiyo sababu tumefika hapa.

Watu wananiuliza kwa nini nisiachane na vibonzo nifanye kazi nyingine. Nafanya! Nachapa barua za maombi ya kazi kwenye duka la steshenari pale karibu na stendi, naandika maneno ya kadi za harusi, msimu wa korosho naandika mahesabu ya watu ghalani. Nikivuka maji kwenda Kitunda, ng'ambo ya mji, kumsalimia mama, swali lake ni moja: "Mwanangu, kazi yako hasa ni ipi?" Ukiwa mwandishi wa kujitegemea swali hilo linakufuata hadi kwa mwenye nyumba. Zamani kulikuwa na majarida ya vibonzo yananing'inia kwenye meza za magazeti, msomaji analipa, mwandishi anapata chake. Meza zenyewe zimebaki chache. Baadaye tukaishi kwa miradi ya afya: kipeperushi cha malaria, kijitabu cha lishe, kijana na VVU. Mwanzoni mwa 2025 fedha za wafadhili wa Marekani zikasimamishwa, na mashirika yaliyokuwa yakinipigia simu yakaanza kunipigia kuuliza kama najua mahali penye kazi. Vyuma vimekaza kweli kweli. Na sasa kijana wenu wa ofisini ananiambia akili mnemba inachora bure, tena kwa sekunde. Sawa. Mwambieni hiyo akili mnemba imchore nyapara wa Tendaguru, tuone kama hatavaa suti.

Kwa mtu wa namna yangu, milioni mbili na laki moja ya halmashauri haikuwa "kazi moja". Ilikuwa ni kodi ya nyumba, ilikuwa ni kompyuta ya mchoraji iliyokufa skrini wakati anamalizia rangi zenu, akaitengeneza kwa kukopa kwa shemeji yake. Mpaka leo shemeji hapokei simu zake vizuri. Mchoraji naye hapokei zangu, maana mimi ndiye niliyemwambia, "Hii ni serikali, italipa."

Nilipokueleza haya ulinishauri tujiunge kikundi tukaombe mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake, fungu la vijana, au niende kwenye Mfuko wa Utamaduni na Sanaa. Nakushukuru kwa ushauri. Lakini yaani nikakope fedha, nirejeshe, ili niweze kungojea fedha ambayo tayari ni yangu? Hesabu hiyo nimejaribu kuielewa nikashindwa. Ukanipa na nyingine: "Vumilia, tutakutangaza." Mmenitangaza wapi? Nimesimama mbele ya bango la kazi yangu, na kijana wa bandani ananielekeza jinsi ya kuwekeza mkoani kwetu.

Nilikuja na orodha ya madai: pesa, jina la mchoraji na langu lirudi, bango lile lisitumike tena, maneno ya mpagazi yarudishwe, na vijitabu vichapwe vifike shuleni kama mlivyoahidi, kwa sababu mpaka sasa mtoto wa Lindi aliyekuliza siku ile ya soda hajaona hata ukurasa mmoja. Nikikuachia yote hayo yatakwenda kamati, na kamati inahitaji posho ya kikao.

Basi naomba jambo moja. Saini lile dokezo. Mhasibu ameniambia kwa mdomo wake kwamba halipo kwake, lipo kwako, na halihitaji kitu kingine isipokuwa saini. Mengine yote tutajadiliana nikiwa nimelipwa, kwa sauti ya chini, hata kwenye bahasha ukipenda. Saini dokezo, Ndugu Afisa. Kama kalamu ndiyo kikwazo, nitafika Jumatatu asubuhi na ya kwangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwandishi wa vibonzo,
Lindi mjini.

Nakala kwa: Mchoraji mwenzangu, ajue kwamba bado nafuatilia.