Kisu hakifuliwi kwa saa mbili, waacheni wageni wakae

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu, na samahani kama nitaandika kirefu maana hili jambo limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita. Mi naishi huku Ujiji, namsaidia mzee mmoja mhunzi anayefua majembe, mapanga na visu vya watu wa hapa, kazi yangu ni moto, na siku akiwa na roho nzuri ananiachia nyundo. Sasa kuna miaka kadhaa hivi wageni nao wanakujaga kujifunza kufua kisu, wengine wametoka Gombe kuangalia sokwe, wengine wameshuka tu na treni ya kutoka Dar, wanalipa, wanashinda na sisi, jioni mtu anaondoka na kisu alichokipiga mwenyewe na malengelenge mkononi. Hilo halina shida kabisa. Shida iko kwa hawa wanaowaleta.

Kuna kampuni moja ya kutembeza watalii, siitaji jina, zamani ilikuwa inatuletea wageni wa siku nzima. Siku hizi wametupimia saa mbili. Yaani ratiba yao asubuhi ni makumbusho ya Livingstone, halafu "kufua kisu", halafu chakula cha mchana, halafu boti. Jamani, hata Stanley alipomkuta Livingstone hapa Ujiji Novemba 1871 hakumpa mkono akageuza, walikaa, wakaenda wote mpaka kaskazini ya ziwa, wakasafiri pamoja hadi kule Tabora na ndo wakaachana Machi 1872. Leo mtu analetwa kuona walipokutana anapewa dakika arobaini, halafu anakimbizwa kwenye kisu!

Ngoja nieleze kwa nini saa mbili hazitoshi, nitamtolea mfano mama mmoja wa Tabora, mwalimu mstaafu, alikuja na treni kumsalimia mwanae anayefanya kazi huku mjini akasikia habari zetu akasema naye anataka kufua kisu cha kumenyea mihogo (mgeni siyo lazima awe mzungu, hilo nalo watu wasisahau). Saa moja asubuhi kashafika na khanga kajifunga kiunoni.

Chuma tunachotumia ni springi za gari, zile bapa, Land Rover mbovu ikikatwakatwa huku hakuna kinachotupwa. Kinaingia kwenye mkaa, mi nazungusha rimu ya baiskeli iliyofungwa mkanda kwenye feni, upepo unaenda chini ya moto, chuma kinatoka na rangi ya chungwa lililoiva ndo unapiga. Hapo ndo watu wote wanakosea, ukikiweka juu ya fuawe, lile chuma la kupigia, una sekunde chache tu, kinapoa huku unakitazama, na mtu akishanogewa na nyundo haachi. Yule mama naye alikuwa anapiga tu, mzee akamshika mkono.

"Mwalimu, acha, usipige tena."

"Mzee, mbona bado chekundu?"

"Hiyo siyo nyekundu ya kupiga, hiyo damu ya mzee. Rudisha motoni."

Mama alicheka, akasema hiyo damu ya mzee ni rangi ya masweta ya shule aliyofundisha, hataisahau. Na kweli hakuisahau, baada ya hapo alikuwa anakirudisha mwenyewe kabla hajaambiwa. Ukipiga chuma kikiwa kimeshuka hivyo kinaweka nyufa ndani, nyingine huzioni hata kwa tochi, utaziona siku kinavunjika.

Kikishapata umbo tunakifukia kwenye majivu kipoe polepole, hapo huna cha kuharakisha, ukikitoa mapema tupa ya kunolea haikili. Ndo muda wa kuchonga mpini wa mninga na kula ugali wa muhogo na migebuka, na nikuambie mhariri, wageni wengi wakiulizwa walifurahia nini wanataja hapo, wamekaa chini wanachonga kipande cha mti na mzee anawapigia stori. Kwenye ratiba ya saa mbili hicho kipande ndo cha kwanza kukatwa.

Halafu kuna moto wa pili. Huu siyo wa kupiga, ni wa kukitia ugumu. Unakipasha mpaka sumaku haikikamati tena, unaongeza kidogo, unakizamisha. Mzee hatumii maji kwa chuma cha springi maana kinapasuka, unasikia tu ti! asubuhi yako yote imekwenda. Sisi tunatumia mawese, Kigoma hayakosekani. Ila mawese yakikaa yanagandaganda, lazima kopo lisogezwe jirani na moto yayeyuke yawe ya uvuguvugu, halafu kisu kikiingia unatoka moshi na harufu kama jirani anakaanga kitu, watoto wanajaa mlangoni wanadhani kuna mandazi.

Hapo kisu ni kigumu ukipitisha tupa inateleza kama kwenye chupa, na mgeni asiyejua anaona ndo kimekamilika. Wapi! Kigumu namna hiyo kinavunjika kama chupa pia. Inabidi ukilegeze, unakisugua upande mmoja ung'ae, unakilaza mgongo wake juu ya chuma kinene chenye moto, unakaa unakitazama tu. Rangi inaanza kutembea toka mgongoni inakuja kwenye makali, kwanza njano ya majani makavu halafu inakolea. Yule mama alisema "inakuja kama asali ya kwetu", mzee akamwambia basi hapohapo, toa. Ukichelewa inageuka zambarau halafu bluu, na makali yakishafika bluu hiyo ni springi tena siyo kisu, kinapinda kinarudi ila makali hayakai. Hiyo kazi tunairudia mara mbili, na haitaki haraka hata kidogo.

Sasa turudi kwenye saa mbili. Mwezi uliopita walileta kijana mmoja kutoka nje, mtu mzuri, ana hamu kweli ya kujua, na gari liko nje linapiga honi. Kisu kimetoka kwenye mawese, mzee anasema bado, muongozaji anasema mzee inatosha boti inaondoka, wamekifunga kwenye gazeti (siyo lenu) wakaondoka nacho. Siku ya nne nimetumiwa picha kwenye wasapu, kisu vipande viwili. Alikuwa anapasua nazi. Hakutukana wala nini, kaandika tu pole mwambie mzee. Mi niliona aibu kumuonyesha, nilipomuonyesha alikitazama pale kilipovunjika, akanirudishia simu, siku hiyo hakuongea na mtu.

Kampuni wao wanasema wageni hawana muda, na wakaleta wazo eti mzee aandae visu kabla, mgeni akija apige nyundo tatu nne, apigwe picha, achukue kilichokwisha tayari. Na eti tusitumie ile feni ya baiskeli, tutoe mivukuto ya ngozi ya mbuzi maana kwenye picha inapendeza. Ile mivukuto ilikuwa ya babaake mzee, iko ukutani, ngozi imekauka na ina tundu ngumi inapita. Mzee akawajibu kwa upole tu, kama ni picha mje mnipige nimelala, hiyo hata dakika mbili haifiki.

Mi maoni yangu ni haya. Mgeni asiye na siku nzima aje atazame, akae kwenye benchi, alipie kutazama, anywe chai, aulize anachotaka, hakuna ubaya na hatutamnyima. Lakini msimuuzie "nimefua kisu" kama hajakifua, na msituchukulie kisu ambacho hakijalegezwa maana kikivunjika huko mbele hakuna atakayelaumu ratiba, watasema wahunzi wa Kigoma hawajui kazi. Na hela nayo, tulipwe kwa siku. Mkaa unaokwisha kwa kisu cha mtu anayejifunza ni zaidi ya mara mbili ya mkaa wa mzee akifua peke yake, kwa sababu mwanafunzi anakirudisha motoni mara ishirini, na wakati huohuo watu wa majembe wamesimama nje wanasubiri, hasa mvua zikikaribia.

Yule mama wa Tabora bado ananitumiaga voisi, anasema kisu kinamenya mihogo mpaka leo, kashakinoa mara moja tu, na mpwa wake naye anataka kuja likizo ya mwezi wa sita. Nimemwambia aje.

Na kwa wengine mnaopanga kuja, mzee anasema fikeni saa moja asubuhi, ukija saa nne utakuta nafasi yako kapewa mtu wa jembe. Anayeondoka kwa ndege kisu akiweke kwenye begi la mzigo, siyo la mkononi, kuna mmoja alikibeba kwenye begi la mgongoni wakamchukulia uwanjani, akatupigia simu analia kama mtoto, na sisi huku tungefanya nini.

Mchochea moto,
Ujiji, Kigoma